Mate hayauzwi ndani ya chupa

Wandugu wachimbaji, pamoja na ninyi wamama mnaobaki nyumbani mkingojea simu kutoka kariere, leo ninataka tuongee juu ya mate. Ndiyo, mate. Kitu ambacho mtu anakitema chini bila kufikiri, mpaka siku kinapokosa.

Sababu ya kuandika ni hii. Pale Miti, mahali njia ya Bunyakiri inakutana na barabara inayotoka Bukavu kwenda Kavumu, wauzaji wa makopo wamejifunza neno jipya. Zamani waliuza dawa ya mgongo, dawa ya minyoo, dawa ya nguvu za wanaume. Sasa wanauza antioksidanti. Wanamsimamisha kijana anayetoka Nyabibwe ao Walikale na feza kidogo mfukoni, wanamwambia: « Weye unachimba koltani, mionzi imeshaingia mu mwili. Kunywa hii, itatosha yote. » Na kwa mama mwenye mgonjwa wa kansere wanabadilisha wimbo: « Dokta atamuchoma na mionzi mdomo ukauke. Hii kinini inalinda mate. »

Kama ingekuwa uongo mtupu, nisingepoteza wino. Shida ni kwamba kuko ukweli ndani yake, nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ndiyo inauza kuliko vyote. Tuanze na hiyo nusu.

Mionzi ikipita ndani ya mwili inakutana kwanza na maji, kwa sababu sehemu kubwa ya mwili wetu ni maji. Inayavunja. Vile vipande vya maji yaliyovunjika, ambavyo wataalamu wanaviita radikali huru, havitulii. Vinashika na kuuma chochote kilicho karibu, ngozi ya chembe, na hata ile mbegu ya katikati inayobeba ujumbe wa uzazi wa chembe. Kazi yao inafanana na ya kutu kwenye jembe lililoachwa mvuani, ila yenyewe inakwisha kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Antioksidanti ni kitu kinachojitoa kiumwe cha kwanza, ili chembe ipone. Mwili unatengeneza nyingine wenyewe. Nyingine tunazipata kwa chakula: vitamini C ya mapera na maembe, vitamini E ya mafuta na karanga, na madini kidogo sana yanayoitwa seleni, ambayo mwili unayatumia kutengeneza walinzi wake.

Sasa tezi za mate. Kuko jozi tatu kubwa. Ile kubwa kuliko zote iko mbele ya sikio, pale shavu la mtoto linavimba akipata ule ugonjwa ambao dokta anauita oreillons. Kwa siku moja tezi hizi zinatoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu. Waganga wa mionzi wamejua tangu zamani jambo moja la kushangaza: chembe za tezi hizi zinazaana polepole, na kwa kawaida chembe za namna hiyo zinavumilia mionzi, lakini hizi zinaanguka mapema sana. Mgonjwa wa kansere ya koo anayetibiwa kwa mionzi, kwa wiki ya kwanza ao ya pili tu, anasikia mate yamekuwa mazito kama ute wa mrenda. Halafu yanapungua. Kwa wengi hayarudi jinsi yalivyokuwa.

Ninamjua mzee mmoja wa upande huu, alichimba kasiterite ujana wake wote, akatibiwa kansere ya koo nje ya nchi, akarudi mzima. Watu walifurahi, wakachinja mbuzi. Yeye alikula vijiko viwili vya supu. Bugali inamkwama. Sambaza zilizokaushwa, ambazo alizipenda, zinamchoma ulimi sawa na mchanga. Usiku anaamka mara nne kunywa maji. Mwaka wa pili meno yalianza kuoza yote kwa pamoja, kuanzia pale jino linapogusa ufizi, kwa sababu mate ndiyo yalikuwa yanayaosha na kuyalinda. Mzee huyu hakufa na kansere, asante Mungu, lakini ameacha kukaa kwenye meza ya watu. Kwa hiyo mtu asiniambie mate ni jambo dogo.

Hapa lazima tutenganishe watu wawili ambao muuzaji wa Miti anawachanganya: mchimbaji na mgonjwa.

Koltani yetu inabeba uraniumu na toriumu kidogo ndani yake. Haiko siri, ndiyo sababu koltani nyingine inasafirishwa melini kwa kanuni za mizigo yenye mionzi. Mwaka wa 2007, jarida moja la kimataifa la ulinzi dhidi ya mionzi lilichapisha vipimo vilivyofanywa kwa wachimbaji wa mikono wa koltani huku mashariki mwa Congo. Walikuta mchimbaji anaweza kupata, kwa wastani, mpaka milisiverti 18 kwa mwaka, na hatari kubwa zaidi iko wakati wa kusaga na kuchekecha. Kwa mtu anayetumika na mionzi kama kazi, kanuni ya kimataifa ni wastani wa 20 kwa mwaka. Kwa raia wa kawaida ni 1. Yule wa Ulaya anayefikia karibu na 20 anavaa kipimo kifuani na kuko mtu ofisini anayemfuatilia. Mama yetu anayetwanga mawe, yule tunayemuita twangaise, hana hata kitambaa cha kufunika pua, na mara nyingi mtoto yuko mgongoni.

Jambo hilo ni zito, na siku moja litahitaji gazeti zima. Lakini haliko jambo la mate. Mgonjwa wa kansere ya koo anapewa grei karibu 70, zilizogawanywa kwa seansi kama 35, wiki 7, zote zikielekezwa sehemu moja ya mwili. Kwa hesabu ya haraka, grei 1 ya mashine ni sawa na milisiverti 1000. Yule mtwangaji wa milisiverti 18, hata atwange miaka 100, hafiki hata grei 2. Hatari yake iko kwenye mapafu, kwa vumbi anayoivuta, na kwa gesi ya radoni kama shimo halina hewa. Hakuna kinini inayosafisha vumbi kutoka mapafuni. Kinachosaidia ni kumwagia jiwe maji kabla ya kulitwanga, kufunika pua na mdomo, kutoa watoto pale, kuingiza hewa ndani ya shimo. PDG wa shimo anayenunulia watu wake makopo ya antioksidanti na hataki kununua pompi ya hewa, anawacheka.

Na kama wewe mchimbaji mdomo unakauka, kwanza angalia vumbi, jua, sigara na pombe kali. Ukiona unakunywa maji sana na kukojoa sana, nenda wakupime sukari ya damu. Kwa njia, sigara na pombe kali vikiunganishwa ndivyo vinaleta sehemu kubwa ya kansere za mdomo na koo duniani. Koltani haihitaji kusingiziwa yote.

Tumuache mchimbaji, tuje kwa mgonjwa, maana kwake ile hoja ya antioksidanti ina nguvu zaidi, na ndipo hatari yake ilipo.

Dawa ya kulinda mate iko. Inaitwa amifostine. Tangu miaka ya 1950 jeshi la Marekani lilikuwa linatafuta kitu cha kumlinda askari kwa vita vya bomu ya atomiki. Walijaribu dawa zaidi ya 4000, na hii ndiyo ilibaki. Mwaka wa 1999 serikali ya Marekani iliikubali kwa wagonjwa wa kansere za kichwa na shingo. Kwa uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2000, kati ya wagonjwa 100 waliochomwa mionzi bila dawa hii, 78 walikaukwa sana mdomo wakati wa matibabu. Kwa waliopewa dawa, walikuwa 51. Siyo muujiza, lakini watu 27 kwa 100 si kitu cha kutupa.

Angalia sasa inavyotolewa. Haiko kinini. Inapitishwa kwenye mshipa, kila siku ya mionzi, dakika 15 mpaka 30 kabla ya mashine kuwaka, na muuguzi amesimama anapima presha, kwa sababu presha inaweza kuanguka, na wagonjwa wengi wanatapika. Na sababu ya kuchaguliwa kwake ni ya maana sana kwetu: inaamshwa na kitu ambacho kiko kwa wingi kwenye chembe nzima kuliko kwenye kansere. Yaani ni mlinzi aliyefundishwa kumtambua mwenye nyumba. Kwa panya, watafiti wa Marekani walijaribu nyingine inayoitwa Tempol, nayo ililinda tezi za mate bila kuilinda kansere. Panya, nimesema. Ukiona muuzaji anaongea juu ya « uchunguzi wa Amerika », muulize kama ulifanywa kwa watu ao kwa panya.

Kwa sababu mionzi inaua kansere kwa njia ile ile inayoumiza mate, kwa zile radikali zinazouma. Ukimwaga mlinzi asiyechagua ndani ya mwili mzima, anaweza kumlinda mwizi pia.

Hii haiko nadharia. Huko Québec, Canada, ambako watu wanaongea Kifaransa kama gazeti letu hili, madaktari walichukua wagonjwa 540 wa kansere za kichwa na shingo waliokuwa wanaanza mionzi. Nusu walipewa vitamini E pamoja na beta-karoteni, ile rangi ya karoti. Nusu walipewa kinini tupu. Beta-karoteni ilisimamishwa katikati kwa sababu majaribio mengine yalionyesha inaongeza kansere ya mapafu kwa wavuta sigara. Majibu yalitoka mwaka wa 2005. Waliokunywa vitamini walipata maumivu kidogo zaidi ya mionzi, ndiyo. Muuzaji angeishia hapo. Lakini wakati walipokuwa wanazinywa, kansere mpya zilikuwa nyingi kwao kuliko kwa wenzao. Na baadaye, walipowaangalia wale waliovuta sigara huku wanachomwa mionzi na kunywa vitamini, walikuta kwao kansere ilirudi zaidi, na kifo kilikuwa kingi zaidi.

Vitamini E, ndugu. Kinini ile ile inayouzwa barabarani na picha ya jua na alizeti.

Wengine watasema hiyo ni Canada, sisi damu yetu ni nyingine. Basi turudi nyumbani. Kutoka Miti mpaka Lwiro si mbali, na wazee wanakumbuka vile watafiti wa IRSAC na Wabelgiji wa Université libre de Bruxelles walivyokuwa wanavuka ziwa kwenda Idjwi kupima watu wenye rovu shingoni. Kazi ile ndiyo ilifundisha dunia kwamba mihogo isiyotayarishwa vizuri, pamoja na ukosefu wa iodi, inavimbisha shingo na kudumaza watoto. Baadaye waliona kwamba sehemu nyingine za Zaire zinakosa pia seleni, ile ile antioksidanti niliyoitaja juu. Wakafikiri: tuwape seleni. Kule Karawa, kaskazini mwa nchi, waliwapa watu kwa miezi 2. Kwa wale ambao tezi yao ya shingo ilikuwa imeshachoka, homoni ilishuka zaidi badala ya kupanda. Watafiti wenyewe waliandika mwaka wa 1991, bila kujificha, kwamba kutoa seleni ovyo kwa watu wasio na iodi ni hatari: iodi lazima itangulie. Kitu kizuri, kwa watu waliokikosa kweli, na bado kiliharibu, kwa sababu ya mpangilio tu.

Na kuko jambo la limau, ambalo wamama watalipenda. Mtu mwenye kansere ya rovu anaweza kupewa iodi yenye mionzi, na iodi hiyo inapenda pia kuingia kwenye tezi za mate. Miaka mingi madaktari waliwaambia wagonjwa wanyonye pipi ya limau mara moja, ili mate yatoke yasukume ile mionzi nje. Mwaka wa 2005 Wajapani walichunguza, wakakuta wale walioanza limau mapema tezi zao ziliumia zaidi kuliko wale waliongojea saa 24. Limau tu! Kama saa ya limau ina maana, vipi kopo ambalo hata muuzaji hajui kilichomo?

Maoni yangu ni haya, na ninajua yatawakasirisha wafanyabiashara wetu: familia yenye mgonjwa wa kansere isinunue antioksidanti yoyote bila kuionyesha kwa daktari wa mionzi, na ile feza ibaki kwa safari. Juu ya safari ndiyo kinga kubwa ya mate. Sishangazi mtu. Huko Uingereza, kwa uchunguzi uliotoka mwaka wa 2011, waliwalinganisha wagonjwa waliochomwa kwa mashine ya zamani na wale waliochomwa kwa mashine inayokata mionzi kama fundi nguo, ikizunguka tezi bila kuigusa sana. Mwaka mmoja baadaye, waliokaukwa mdomo kwa kiasi kikubwa walikuwa 74 kwa 100 kwa mashine ya zamani, na 38 kwa ile mpya. Hakuna kinini iliyowahi kufanya hivyo.

Na hapa ndipo ninasikia uchungu. Shinkolobwe, huko Katanga, iligunduliwa mwaka wa 1915. Tangu 1922 Union Minière ilipeleka mawe yake Olen, Ubelgiji, wakatoa radiumu, na kwa miaka mingi Ubelgiji ndiyo iliuzia dunia radiumu ya kutibu kansere. Wagonjwa wa Bruxelles na Paris walitibiwa kwa jiwe lililotolewa na mkono wa baba zetu. Leo mtu wa Kabare, Kalehe ao Shabunda anayehitaji mionzi lazima atoke Kivu ya Kusini. Wengine wanaenda Kigali, ambako mashine zilianza mwaka wa 2019 kwenye hospitali ya kijeshi ya Kanombe. Wengine Kampala, ambako mashine pekee ya nchi iliharibika mwaka wa 2016 na ile ya kuichukulia nafasi ikazinduliwa 2018. Wenye uwezo wanafika Nairobi ao India. Mashine moja ikifa, watu wa nchi nne wanangojea.

Kwa anayejitayarisha kwenda, kuko vitu ambavyo vinaweza kufanywa hapa hapa kabla ya kupanda gari. Apelekwe kwa daktari wa meno kwanza. Jino bovu litolewe kabla ya mionzi na kidonda kipone, kwa sababu taya lililochomwa halifungi kidonda vizuri, na jino likitolewa baadaye mfupa unaweza kufa. Hata miaka 10 ikipita, akienda kung'oa jino aseme: nilichomwa mionzi hapa. Asukutue mara nyingi kwa maji yenye chumvi kidogo na bikaboneti, si kwa zile dawa za mdomo zenye alkoli. Aache sigara, hii haina mjadala. Akiona utando mweupe mdomoni arudi kwa muganga, ni uyoga, una dawa. Kuko kinini inayoitwa pilocarpine, inayosukuma tezi iliyobaki itoe mate. Hiyo ni ya kuandikiwa na daktari, tena haifai kwa kila mwenye pumu ao moyo. Chakula kiwe na mchuzi: sombe yenye mafuta, ndizi zilizopondwa, uji, avoka. Mapera na lengalenga ale kadiri anavyoweza. Chakula cha kawaida hakijamkosesha mtu matibabu; makopo yenye kipimo kikubwa ndiyo tunayoogopa. Na aandike kwa karatasi kila kitu anachokunywa, hata dawa ya kienyeji aliyopewa na shangazi, ampe daktari bila haya.

Lakini mashine, nani ataileta? Kodi ya madini iko kwa sheria. Code minier ya 2018 inasema redevanse ya madini igawanywe: 50 kwa 100 kwa serikali kuu, 25 kwa provensi, 15 kwa eneo la kariere yenyewe, 10 kwa mfuko wa vizazi vitakavyokuja. Na mchimbaji wa mikono amelazimishwa kuingia kwenye kooperative. Basi kooperative zisimamie na hili, badala ya kukusanya kadi na michango ya kilio tu: ziulize ile 25 ya provensi imefanya nini kwa hospitali, meno yakiwemo, na ni mwaka gani mgonjwa wa koo atapanda gari Miti asubuhi, atachomwa mionzi Bukavu, na kurudi jioni kulala kwake. Mkutano wa kooperative ukiitwa, mtu mmoja ainue mkono aulize hivyo, jina la deputé aliyepita kuomba kura liandikwe kwenye prosè-verbali, na jibu lake nalo liandikwe.